Maili Mbili Kabla ya Mji

Halvor Brekke alisimama nyuma ya pikapu yake, mlango wa nyuma ukiwa umelazwa, akawa anapima. Hakuwa na futi mkononi. Alipima kwa mwili wake, kama alivyopima kila kitu kwa miaka sabini na minne. Mlango ule ulimfika chini kidogo ya mkanda. Mtu alikuwa akigeuka tu, tayari amekaa. Juu ya milango kama ile wanaume wa Montana mashariki walikuwa wamekunywa kahawa, wamepatana bei za mafahali, wamekaa kimya baada ya maziko. Hakuna aliyewahi kuhitaji ngazi.

"Inchi sita," alisema Kolby Renner, mwenye karakana ya matairi pale mjini Wexel. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kupita kazi yake. "Tukiliinua gari inchi sita tunaweka tairi za inchi thelathini na saba, pana, juu ya rimu za ishirini. Hapo litakuwa gari la mtu."

"Kwani sasa hivi ni gari la nani?" Halvor aliuliza.

"La mtu aliyestaafu, Mzee Brekke."

Signe, binti yake, alicheka kidogo, na Halvor akakiweka kicheko kile moyoni. Siku hizo alikuwa akiweka vitu vingi moyoni.

"Sitaki sita," Signe alisema. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwembamba, na baada ya ndoa kumshinda alikuwa amerudi nyumbani kufuga pamoja na baba yake. "Gari hili ni la kila siku. Linabeba chumvi ya ng'ombe, linavuta trela la farasi, linakwenda mjini na upepo ule wa barabara kuu. Ukiinua sita, trela linainua pua, na viungo vya ekseli ya mbele vinakwisha kabla ya Krismasi. Niinulie mbili na nusu mbele, moja nyuma, basi. Tairi thelathini na tano, lakini nyembamba."

"Nyembamba? Kila mtu anataka pana."

"Kila mtu anakaa kwenye lami. Sisi tuna maili tisa za udongo. Tairi pana ikikutana na tope letu inapanda juu kama sahani, halafu unaelea mpaka mtaroni. Nyembamba inakata, inashuka hadi kwenye ardhi ngumu. Na rimu zangu za kumi na saba zinabaki. Rimu ya ishirini inaacha tairi na ukuta mwembamba kama lefse, ile chapati ya viazi ya bibi yangu. Jiwe moja, rimu imepinda."

"Nizitoe nje kidogo basi, zipendeze?"

"Zikitoka nje ya madigadi zitanirushia changarawe mpaka kioo cha mlango. Ziache ndani. Na ziwe za tabaka kumi, zenye alama ya theluji."

Halvor alisikiliza na hakupata kosa. Maneno yale yalikuwa yake, aliyomfundisha yeye mwenyewe tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na kuyasikia yakitoka kinywani mwa mwingine kulimfanya ajione kama mtu anayesomewa wasia wake kabla hajafa.

"Na kwa nini tuliinue hata kidogo?" akauliza.

"Kwa sababu ya Machi, baba. Unajua."

Alijua. Mwezi wa Machi, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, alianguka zizini akapoteza fahamu. Gari la wagonjwa lilikwama kwenye barabara yao, ile ambayo kaunti ilikuwa imeacha kuimwagia changarawe tangu wakulima wapungue. Signe alimbeba, akampakia kwenye pikapu, na pikapu nayo ikakalia tumbo juu ya tope katikati ya mifuo ya magurudumu, tairi zote nne zikizunguka hewani. Saa nzima waliipoteza pale. Baadaye daktari alimkataza kuendesha gari mpaka Septemba, na Signe akapewa haki ya kutia saini kwa niaba yake katika mambo yote ya shamba. Halvor alikuwa ametia kidole kwenye karatasi ile akiwa kitandani, dawa zikiwa bado zinamzunguka kichwani.

"Fanyeni mtakavyo," alisema.

"Jambo moja tu," Kolby alianza, "ile kompyuta ya gari..."

Neno kompyuta lilimtosha Halvor. Akatoka nje akakaa mbele ya karakana juu ya tairi kuukuu, akiangalia mnara wa nafaka ambao treni haikusimama tena mbele yake.

Gari lilipokuwa tayari, alijaribu kupanda. Goti lilifika kifuani. Signe alikuwa amefungisha ngazi ya chuma na kishikio kipya, lakini Halvor alivuta mara mbili ndipo akaingia, akahema. Mlango wa nyuma ulikuwa umepanda mpaka tumboni. Njia nzima alikaa ameelekea kioo cha mlango, macho uwandani, na aliwaza kwamba kuna njia nyingi za kumnyang'anya mtu gari lake, na mojawapo ni kuliinua tu mpaka asilifikie.

Shaka ni kama kupe. Inaanza ndogo, huioni, na ukiiona imekwisha kunywa.

Halvor alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: kubandika utepe wa karatasi kwenye dashibodi na kuandika juu yake, kwa penseli, namba ya mita ya maili kila oili ilipobadilishwa. Wiki moja kabla ya tairi mpya alikuwa ameanza kuiandika kila siku. Signe alipojiandaa kwenda mjini, yeye alikuwa akitoka kwanza, eti kuchukua glavu zake ndani ya gari. Signe aliporudi, Halvor alitoka tena, eti kuzirudisha.

Mjini Signe alikwenda kila Jumatatu na Alhamisi. Alisema bega linamuuma, na kwamba pale kliniki kuna mwanamke anayelinyoosha. Halvor hakuwahi kumsikia akilalamika bega. Mara mbili alikwenda kabla ya tairi mpya, na utepe ulisema maili arobaini na nane, kwenda na kurudi. Ndivyo ilivyokuwa tangu barabara ilipochongwa: ishirini na nne kufika Wexel, ishirini na nne kurudi.

Alhamisi ya kwanza baada ya tairi mpya, utepe ulisema arobaini na nne.

Alidhani amekosea kusoma. Jumatatu ikasema arobaini na nne. Alhamisi tena, arobaini na nne. Halvor alikaa mezani jikoni, kahawa ikipoa mbele yake, akazigawa namba zile kama mtu anayegawa karanga. Ishirini na mbili kwenda. Ishirini na mbili kurudi. Basi hakuwa akifika mjini. Alikuwa akiishia maili mbili kabla ya mji.

Na maili mbili kabla ya mji, upande wa kulia wa barabara kuu, palikuwa na sanduku la barua lenye jina la Palmer Tande.

Hakuwa mtu wa mbali, Palmer. Kwa miaka thelathini na minane Halvor hakukosa hata mara moja kupiga chapa ndama wa Tande, na Tande hakukosa wa Brekke. Kule hapana anayelipwa kazi ile. Unakwenda na farasi wako na kamba yako, unavuta ndama wa mwenzio mpaka penye moto, unakula chakula cha mke wake, na zamu yako ikifika naye anakuja. Usipokwenda bila kuumwa wala kufiwa, umesema neno ambalo haliandikiki. Lakini Palmer huyohuyo, majira ya baridi yaliyopita, aliuliza mbele ya kahawa kama Halvor angependa kumwuzia ule uwanda wa majani ulio kando ya kijito. Uwanda ule ulikuwa roho ya shamba. Bila majani yake ng'ombe wasingevuka Januari. Halvor alikataa, Palmer akasema sawa, wakazungumza mambo mengine.

Kumbe sawa yake ilikuwa ya mdomoni, Halvor alijiambia. Kwangu amekosa, amehamia kwa mwenye saini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimtazama Signe akimenya viazi, akatazama mkono ule wa kutia saini ukishika kisu, akajiuliza umekwisha kuandika nini.

"Bega linaendeleaje?" aliuliza.

"Linakwenda kwenda."

"Huyo mama wa kliniki anaitwa nani?"

Signe aliinua macho. "Deb. Kwa nini?"

"Basi tu."

Jumatano, siku tatu kabla ya kupiga chapa kwa Tande, Palmer alikuja mwenyewe. Alikuja na pikapu yake kuukuu, fupi, ya zama zilizopita, akaiegesha kando ya ile iliyoinuliwa, akalaza mlango wake wa nyuma akakaa. Alikuwa mnene, mwenye masikio makubwa mekundu, na chupa ya kahawa haikumtoka mkononi.

"Nimekuja kuona mnara wenu," alisema. "Ukitaka kupanda, unatandika farasi kwanza?"

Halvor hakucheka, wala hakukaa. "Umejuaje kama limeinuliwa?"

"Bwana we, linapita mbele ya sanduku langu kila wiki. Macho ninayo."

Linapita, Halvor aliwaza. Au linasimama.

"Jumamosi basi, saa kumi na mbili asubuhi," Palmer aliendelea. "Ndama mia na arobaini. Kitanzi cha kwanza ni chako, kama kawaida. Daktari amekukataza gari, farasi hakumtaja, au vipi?"

"Hakumtaja."

"Safi. Na Signe hatumpi kazi ya kuwaangusha ndama. Bega lile bado."

Halvor akamsogelea. "Habari za bega umezitoa wapi?"

"Si kwake mwenyewe? Kwani ni siri?" Palmer alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akapuliza. "Una binti mwenye akili, Halvor. Sijui alizitoa wapi, kwako hazikuwako. Sasa ule uwanda wa kijitoni, mwaka huu ataukata nani? Wewe kwenye trekta hupandi. Mimi nilikuwa nafikiri..."

"Jumamosi sitakuja."

Palmer alishusha kifuniko. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Una msaada wa kutosha kutoka nyumba hii. Huhitaji na mimi."

Masikio ya Palmer yalizidi kuwa mekundu. Kisha akaimwaga kahawa chini, akashuka, akafunga mlango wa nyuma. Ukagoma, akaufunga tena. Hakuaga. Gari lake liliondoka polepole juu ya mifuo ya magurudumu, na Halvor akabaki pale akijiona ameshinda jambo, ingawa hakuweza kulitaja kwa jina.

Jumamosi Signe alikwenda peke yake. Alirudi alasiri akinuka manyoya ya kuungua na moshi. Alivua buti mlangoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akakaa.

"Waliniuliza," alisema.

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini, baba? Nilisema sijui. Palmer alimpa zamu yako ya kamba yule mtu wa Colorado aliyenunua shamba la Lindquist. Amekosa ndama mara thelathini na moja. Watu walihesabu. Hakuna aliyecheka."

Halvor aliona kama kamba ile imemchoma kiganja. Alisema tu, "Jumatatu nami nakwenda mjini. Nimempigia wakili."

"Wakili wa nini?"

"Mambo ya karatasi."

Hakuuliza tena, na Halvor akalichukua hilo nalo kuwa ushahidi. Asiye na kosa huuliza. Nia yake ilikuwa moja: kufuta ile saini. Alikwisha kuyapanga maneno. Na aliijua bei yake vilevile, maana Signe si mtu wa kukaa katika nyumba inayomwita mwizi. Angefunga vitu vyake, na Halvor angebaki na ng'ombe mia mbili, magoti mawili mabovu, na gari asiloruhusiwa kuliendesha wala asiloweza kulipanda.

Jumatatu asubuhi alivuta kishikio, akapanda, akasoma mita, akaandika namba kwenye utepe waziwazi mbele ya Signe. Alitaka aone. Signe aliona. Alipanda upande wake kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameukunja tumboni kama mtu aliyebeba paka. Halvor aligundua kwamba hakuwa amewahi kumwangalia akipanda. Siku zote alikuwa akiangalia namba.

Maili tisa za udongo zilipita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili, na tope lilikuwa lile lenyewe, linalonata kwenye kiatu mpaka mtu anakuwa mrefu. Tairi zilikata zikashuka, zikashika. Mahali pale pa Machi, pikapu ilipita bila tumbo kugusa. Halvor hakutaka kuliona hilo, akaliona.

Wakaingia barabara kuu. Alikuwa amejiwekea mtego: sanduku la Tande likifika, mita isome ishirini na mbili, naye angesema, "Simama hapa, si ndipo unapoishia?" Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Sanduku la Tande lilitokea. Alitazama mita, akatoa hesabu. Ishirini.

Alitoa tena. Ishirini na kitu kidogo.

Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba Signe ameichezea mita. Alimtazama kwa pembe ya jicho kutafuta dalili. Hakuna. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, midomo ameibana kwa maumivu au kwa hasira. Sanduku likapita, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Ndipo Halvor alipoanza kuangalia nguzo za kijani kando ya barabara, zile ambazo serikali huweka kila maili moja. Nguzo ikapita, akasoma mita. Nguzo ya pili ikapita, akasoma tena. Mita ilikuwa imehesabu sehemu tisa za kumi tu, maili haikutimia. Kwa muda mfupi aliitilia shaka serikali. Lakini nguzo zile zilikuwa pale tangu yeye ana nywele nyeusi, na katika mambo yote ambayo serikali ilikuwa imemdanganya, maili haikuwamo.

Hapo kikamjia kitu ambacho kilimtia joto usoni kuliko jua la kioo. Alimwona baba yake mwaka wa sitini na nane, amelala chini ya lori la zamani baada ya kulivika tairi kubwa zaidi. Alikuwa akitoa kwenye giaboksi kigurudumu kidogo chenye meno, chekundu, hakizidi kifuniko cha soda, na kutia cha buluu mahali pake. "Tairi ikiwa kubwa, haizunguki mara nyingi," baba yake alisema. "Mita haijui kama tairi imekua. Inahesabu mizunguko tu. Usipoiambia, itakudanganya, na wala haina nia mbaya." Halvor ndiye aliyeshika tochi. Alilijua jambo hili tangu ujana wake. Lilikuwa jambo la kila mtu kulijua, wakati watu walipokuwa wakilala chini ya magari yao wenyewe.

Mita ilikuwa ikila karibu maili moja katika kila kumi na mbili. Ishirini na nne zikawa ishirini na mbili. Na kwa bahati mbaya ya dunia, ishirini na mbili zilikuwa na jina la mtu kwenye sanduku la barua.

"Signe," alisema. Sauti ilitoka imekauka. "Hii mita. Inasoma pungufu."

"Ndiyo. Na spidomita pia. Ikisema hamsini na tano, tuko sitini."

"Unajua?"

"Kolby alisema siku ileile. Kile kifaa cha kuiambia kompyuta saizi ya tairi kilikuwa kimekwenda kutengenezwa. Akasema turudi Juni." Alimtupia jicho. "Ulikuwa umeshatoka nje, baba. Ulikuwa umekasirika."

Majengo ya kwanza ya Wexel yalianza kuonekana. Ofisi ya wakili ilikuwa mtaa wa pili baada ya taa. Halvor angeweza kwenda akaulizia jambo jingine, habari za kodi, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo, nalo lilikuwa tamu.

"Egesha," alisema.

Signe akaegesha kando ya mnara wa nafaka. Halvor akamwambia. Hakulipamba. Alisema arobaini na nane, alisema arobaini na nne, alisema Palmer, uwanda wa kijitoni, wakili. Alipomaliza, alibaki akiutazama utepe wa dashibodi na mistari yake ya penseli, mfululizo wa Jumatatu na Alhamisi.

"Nilidhani ni mambo ya oili," Signe alisema. "Nikajiambia mzee amekosa kazi, mwache aandike."

"Signe..."

"Bega hili unajua lilipochanika?" Hakupandisha sauti. "Pale kwenye tope. Gari lilipokaa tumbo, nilikushusha, nikakuvuta mpaka kwenye nyasi ili usivute moshi wa injini, halafu nikakurudisha juu. Una ratili mia mbili na kumi, baba. Niliposikia limelia nilidhani ni tawi. Sikukwambia kwa sababu ungelibeba hilo mpaka kaburini, ukanichosha nalo."

Pembeni njiwa walikuwa wakishuka kuokota nafaka ambayo haikuwako tena.

"Miadi yako na wakili ni saa ngapi?" Signe aliuliza.

"Sina miadi tena." Akavuta pumzi. "Nirudishe kwa Palmer."

Palmer Tande alikuwa zizini akisugua vyuma vya chapa kwa brashi ya waya, kazi ambayo hufanywa jioni ileile ya kupiga chapa. Yeye alikuwa ameiacha siku mbili. Alilisikia gari, hakugeuka. Halvor alishuka kwa kuanza na mgongo, akitafuta ngazi kwa mguu kama mtoto anayeshuka kitandani.

Signe aliinama dirishani. "Nina Deb saa nne. Nikitoka nitakupitia." Akawasha gari, kisha akagonga dashibodi kwa kidole. "Namba iko hapa. Ukitaka, andika kabla sijaondoka."

Halvor aliipokea dhihaka ile. Alistahili zaidi ya hiyo. Akanyoosha mkono juu dirishani, akaubandua utepe wote, akaukunja akautia mfukoni. Gari likaondoka.

"Linaonekana mpaka Kanada lile," Palmer alisema, bado amempa mgongo.

"Nimekuja kukueleza."

"Eleza."

Akaeleza. Palmer alisugua chuma mpaka mwisho wa maelezo, na alipomaliza Halvor, yeye akaendelea kusugua.

"Ngoja nielewe," alisema hatimaye. "Mita ilipunguza maili mbili."

"Mbili."

"Na maili mbili ndipo nilipo mimi."

"Ndiyo."

"Na kama babu yangu angejenga mbele kidogo, maili moja kabla ya mji? Ungemshuku nani?"

"Pale kuna jalala la kaunti tu."

"Basi ungegombana na jalala." Palmer aliweka brashi chini. Hakuwa akitabasamu. "Miaka thelathini na minane, Halvor. Nikampa zamu yako mtu aliyekuja na kofia ya dukani na bei bado iko juu yake. Mke wangu akakuwekea sahani, akaifunika. Ilipofika saa tisa akawapa mbwa."

"Najua."

"Hujui. Hukuwako." Alikwenda hadi kwenye pikapu yake fupi, akalaza mlango wa nyuma, akakaa katikati, si pembeni, pasibaki nafasi ya mtu mwingine. "Na ule uwanda. Nilikuja siku ile kukuambia nitaukata mimi na kukuletea majani yote zizini, maana huwezi kupanda trekta. Hukuniacha nimalize."

Halvor alibaki amesimama, kofia mkononi, upepo ukimpiga kichwani penye nywele chache. Lilikuwa neno zuri, na lilitoka kwa mtu mwenye kila sababu ya kulitunga sasa hivi, na mle ndani yake kile kitu kilichozoea kuuliza kikainua kichwa: kweli ndivyo alivyokuja kusema? Alikisikia. Akakiacha kiseme peke yake.

Palmer alimimina kahawa kwenye kifuniko, akanywa yote mwenyewe, akamimina tena, akaiweka pembeni yake juu ya bati.

"Kuna ndama waliochelewa kuzaliwa," alisema. "Hawakuwa tayari Jumamosi. Sita. Alhamisi, saa kumi na mbili. Njoo na kamba yako, yangu sikupi."

Halvor aligeuka kutazama zizi dogo lililoko nyuma ya ghala. Ndama walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, weusi, masikio yakitikisika kwa nzi. Akawahesabu. Wanne. Akawahesabu tena kutoka upande wa pili, asije akawa amemruka mmoja. Wanne, na mmoja wao, kama macho yake hayakumlaghai, alikuwa tayari na chapa ubavuni.

Sita ile ilikuwa njia ya kumwita tu, na safari hii akaiacha hesabu ipite.

"Alhamisi," alisema.

Palmer akasogea kidogo, si sana. Halvor akageuka, akakaa ukingoni, nusu ya matako nje, miguu yote miwili ikigusa ardhi, akachukua kile kifuniko cha kahawa.